Wanga Mtupu

Mtaa mzima ulimwita Bonge, na aliyempa jina hilo alikuwa bibi yake mwenyewe, dobi, mwanamke aliyejulikana kwa jina la Bi Kola kwa sababu kola yoyote iliyopita mikononi mwake ilisimama wima mpaka mvaaji akashindwa kugeuza shingo. Mtoto mwenyewe alikuwa na mwaka mmoja na ushei. Na mashavu, jamani! Mashavu yalipanda mpaka yakataka kumfunika macho. Wateja walioleta nguo walimminya shavu kwanza, ndipo wakataja mashati wanayoyaacha. "Huyu mtoto ana afya," walisema, na Bi Kola akawajibu kwa maringo, "Mnadhani mimi nacheza?"

Na hapo ndipo lugha yetu ilipomponza. Maana sisi mtu akinenepa hatusemi amenenepa, tunaona tutamkosea adabu. Tunasema amepata afya. Akikonda tunamvuta pembeni tumuulize kama ana shida nyumbani. Kwa hiyo mtoto akijaa mashavu, basi, afya tele, mpe hongera mleaji. Bi Kola alipewa hongera kutwa, na hakuzikataa.

Mama yake Bonge, binti pekee wa Bi Kola, alikuwa amepata kazi mji mwingine, kupika kwenye kantini ya kiwanda. Alimwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati wake, akamwacha kwa bibi yake, akaondoka huku analia. Bi Kola alimwambia apande gari bila wasiwasi. Kwani binti mwenyewe alilelewa na nani?

Chumba cha kazi kilikuwa kimoja, chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na pasi mbili za mkaa, moja ikipiga kazi na nyingine ikipata moto. Kwenye kona palikuwa na jiko, na juu ya jiko sufuria mbili zilipokezana kutwa nzima. Ya kwanza ilikuwa ya wanga wa nguo. Unga mweupe unakorogwa kwa maji, unapikwa mpaka ung'ae, unachovya kola, unapiga pasi, na kola inakuwa ngumu kama karata. Sufuria ya pili ilikuwa ya uji wa Bonge: unga mweupe, maji, sukari. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji. Akilialia katikati, kipande cha mkate kilichochovywa kwenye chai isiyo na maziwa.

Si kwamba nyumba ile ilikosa chakula kingine, la hasha. Bi Kola mwenyewe alikula maharage, alikula mayai, alikula mboga za majani, na mwisho wa wiki alikula samaki mpaka akanyonya kichwa. Lakini alikuwa na sheria zake kuhusu watoto. Maharage yatamjaza gesi. Mayai yatamchelewesha kusema. Samaki ana miba, na mboga ni chakula cha watu wenye meno. Uji ulishuka vizuri bila kelele, naye mikono yake ilikuwa na kazi.

Tena mtoto alikuwa mpole siku hizo! Zamani alikuwa akivuta nguo kutoka kwenye beseni, akionja sabuni, akipiga yowe ukimnyang'anya. Sasa unamweka juu ya rundo la mashuka, unageuka, unamaliza suruali nzima, unamkuta palepale anatazama. Bi Kola alimshukuru Mungu kwa kumpa mjukuu asiye na usumbufu. Masikini, hakujua alichokuwa akishukuru.

Mmoja wa wateja wake alikuwa nesi wa wodi ya watoto, mwanamke mwembamba mwenye haraka, ambaye kwa kawaida alichukua magauni yake meupe ya kazi akiwa amesimama mlangoni. Siku hiyo gauni moja lilikuwa bado bichi, akaingia ndani kusubiri. Alichuchumaa mbele ya Bonge, akamchezea vidole. Bonge hakucheka. Hakulia pia. Nesi akampapasa nywele, zilizokuwa laini mno na zimepauka kama kitambaa kilichoanikwa juani muda mrefu.

"Hizo nywele kachukua kwa baba yake," alisema Bi Kola huku anapuliza makaa.

Nesi alishika mguu wa mtoto, akabonyeza juu yake kwa dole gumba, akasubiri kidogo, akaachia. Palibaki shimo.

Bi Kola aliliona. Aliliona kwa macho yake mawili, shimo kwenye mguu wa mjukuu wake, kama pale unapobonyeza unga uliokandwa, nalo halikurudi. Akaweka pasi chini, akashika mguu wa pili, akabonyeza mwenyewe. Shimo.

"Amekuwa hivi toka lini, bibi?"

"Hivi vipi? Mtoto ana afya huyu, mtaa mzima unajua!"

"Hii si afya, haya ni maji. Mtoto amevimba."

"Amevimba nani? Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa hata mmoja, na bado nakwambia twende hospitali. Sasa hivi, siyo kesho. Hilo gauni liache lilowe."

Bi Kola alitaka kumtolea maneno, na maneno alikuwa nayo, akiba ya miaka. Lakini alikuwa bado anauona ule mguu. Akamwaga makaa ya pasi zote mbili, akayazima kwa maji ya kusuuzia, akambeba Bonge mgongoni bila hata kuvua aproni.

Hospitalini hawakumchezea. Walimpima uzito, wakampima joto, wakamtoboa kidole, wakampa dawa, wakamfunika blanketi wakati nje jua linawaka. Halafu nesi akaleta maziwa ya dawa kwenye kikombe kidogo, kidogo kweli, na kijiko. Bi Kola alikitazama kile kikombe, akamtazama nesi.

"Hiki ni cha kumnyweshea kifaranga?"

"Ndicho chake, bibi. Moyo wake umechoka, figo zimechoka, tumbo limesahau kazi. Ukimpa kingi kwa mpigo unamuua. Tunampa kidogo kidogo, usiku na mchana, kila inapofika saa yake. Akikataa, unambembeleza mpaka kiishe. Na asipewe kitu kingine chochote, hata kama moyo unakuuma vipi."

Mtoto mwenyewe hakukitaka. Aligeuza uso ukutani.

Wakati huo ndipo alipoingia dada mkubwa wa Bi Kola, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyezoea kuamulia ukoo mzima. Yeye ndiye aliyemtafutia Bi Kola mume, na mume alipokufa yeye ndiye aliyeamua jeneza litoke saa ngapi. Alisimama upande wa miguuni wa kitanda, mikono kiunoni.

"Kinachomsumbua mtoto ni nini hasa?"

Nesi alikuwa amewapa mgongo, anapima maziwa ya mtoto wa kitanda cha pili. "Wanga," alisema bila kugeuka. "Wanga mtupu. Asubuhi wanga, mchana wanga, usiku wanga. Mtoto atakuwa na hali gani?"

Bi Kola alishtuka. Wanga anaoujua yeye ni ule wa kola, kwa hiyo alidhani anashitakiwa kwamba amechanganya sufuria. "Nesi, usinizulie! Sufuria ya wanga ni yake na sufuria ya uji ni yake! Nyumbani kwangu hazijawahi kukutana!"

Dada yake naye alikuwa amesikia wanga wengine kabisa, wale wanaotembea uchi usiku na kuingia vyumbani mwa watu bila kugusa komeo. Akashika kifua. "Nilisema! Si nilisema mimi? Na ni wengi?"

"Mwingi kupita kiasi," alijibu nesi, macho kwenye maziwa yake.

"Mnawajua?"

"Nani asiyeujua? Uko kila nyumba."

"Kila nyumba! Yesu na Maria!" Dada akajibwaga kitandani kwa kishindo, Bonge akarushwa kidogo.

Nesi aligeuka. Alimwona mmoja ametoa macho, mwingine amevimba kwa hasira, akaelewa, akacheka mpaka ikabidi ashike meza. Halafu akamtazama mtoto, kicheko kikamkatika.

"Jamani, sisemi wachawi. Nasema wanga, ule uliomo ndani ya unga, ndani ya wali, mkate na viazi. Na wewe bibi, ule unaopaka kwenye kola na ule uliomo kwenye uji ni kitu kilekile. Kaupike vyovyote, utie sukari, usitie, ni uleule."

"Kwa hiyo ni sumu?"

"Si sumu. Unatupa nguvu, wote tunauhitaji. Lakini haujengi. Mtoto anajengwa kwa maziwa, mayai, maharage, samaki, karanga. Halafu apate mboga na matunda ya kumlinda, na mafuta kidogo. Huyu ameachishwa ziwa mapema, na vyote hivyo hajavionja. Mwili wake umekaa miezi unakula akiba, akiba imekwisha, ukaanza kujila wenyewe. Maji yametoka kwenye njia zake, yamejaa miguuni na mashavuni. Hiyo ndiyo mliyokuwa mnaiita afya."

Maneno mengine yalimpita Bi Kola, lakini la wanga lilimkaa, kwa sababu wanga ndiyo kazi yake. Anajua kabisa wanga unafanya nini. Shati limechakaa, limekuwa jepesi mgongoni kama karatasi, ukilitia wanga linasimama kwenye kamba utadhani jipya. Mwenyewe akilivaa, akiinua mkono tu, linachanika. Wanga haujawahi kushona tundu hata siku moja. Na yeye ndivyo alivyomfanya mjukuu wake, tena kwa mkono wake, tena kwa upendo, huku anapewa hongera. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akalia palepale mbele ya wageni, akijifuta kwa aproni.

Alipomaliza kulia aliomba kijiko. "Nipe. Nimeshapiga pasi makoti ya wazima moto, nitashindwa na kijiko?"

Dada yake aliondoka hajashawishika. Pale mlangoni alimwambia mama wa kitanda cha pili kwamba nesi amesema wanga, mara tano amesema, halafu alipoona watu wameelewa akageuza maneno.

Bi Kola akaanza kazi. Mtoto alifumba mdomo, bibi yake akamfumbua. Alitema, akampangusa, akachota tena. "Kula, mume wangu. Kula, usinitie aibu kwa watu." Maziwa yalimwingia Bonge shingoni, yakamwingia yeye kwenye mikono ya gauni, na kila kikombe kilichukua muda wa kupiga pasi shuka la watu wawili. Hakuruka hata kimoja. Akisinzia aliamshwa na mama wa kitanda cha pili, na huyo akisinzia aliamshwa na yeye. Walipopata nafasi, nesi aliwaonyesha jinsi ya kuponda maharage mpaka ngozi zibaki kwenye chujio, na jinsi ya kutia karanga zilizosagwa kwenye uji. Bi Kola aliuliza maswali mpaka nesi akamwambia sasa apumzike. Aliuliza kuhusu yai, kama ni kweli linamchelewesha mtoto kusema. Nesi akamuuliza yeye aliyekula mayai yote ya nyumba, amechelewa lini kusema?

Kisha maji yakaanza kutoka.

Yalitoka miguuni kwanza. Bi Kola alibonyeza, shimo halikubaki, akafurahi. Halafu yakatoka mikononi, halafu usoni, na furaha yake ikakauka. Yale mashavu yalishuka. Kila asubuhi walipomweka mtoto kwenye mzani, mzani ulisema kidogo kuliko jana. Mbavu zikajitokeza. Ngozi ya mapaja ikaning'inia kama suruali ya kuazima, na ule uso wa mviringo ukawa uso wa kizee kidogo chenye macho makubwa. Huyu hakuwa Bonge. Bonge alikuwa amekwenda, na kitandani paliachwa mtu mwingine.

Bi Kola alimvamia nesi kwenye korido. "Mtoto ananiishia! Nampa kila kikombe, sijaruka, na ananiishia!"

"Yanayoisha ni maji, bibi."

"Mbona uzito unashuka?"

"Kwa sababu maji ni mazito. Huyo unayemwona sasa ndiye mtoto uliyekuwa naye siku zote. Alikuwa amefichwa na uvimbe. Acha maji yaishe, tumjue, ndipo tumjenge."

"Na asipojengeka?"

Nesi hakumdanganya. "Wapo wasiojengeka. Wengi wao ni wale wanaotolewa wakati huu huu, watu wakiona mifupa wanaogopa."

Bi Kola alirudi kitandani. Kichwa chake kilielewa. Moyo ndio uliokataa kabisa, moyo ulimwambia mbebe, kimbia naye, kampikie sufuria nzima ya uji umrudishie mashavu yake. Alikaa juu ya mikono yake ili isifanye ujinga.

Dada yake alirudi na shuka la kubebea, na gari la kukodi linamngoja nje. Alipofika kitandani alipiga yowe, wodi nzima ikainua vichwa.

"Mmemmaliza! Umeingia humu na mtoto mnene, na sasa una mifupa! Hebu nipishe. Nimempata mtu anayewatoa wanga siku moja tu, mtoto anarudi na unene wake."

Akatandaza shuka. Bi Kola akainuka, akaingia kati ya dada yake na kitanda.

"Simtoi."

"Unasema?"

"Dada, nakuheshimu. Umenilea, na nguo ya kwanza niliyofua mjini ulinipa wewe. Lakini huyu simtoi."

"Wewe! Unabishana na mimi kwa sababu ya kinesi kisichojua hata kuzaa?"

"Sibishani. Nimesema simtoi, nimemaliza."

Dada yake alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na kiti. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kwenye mdomo ule. Akatoa simu. "Basi mwambie mwenye mwana." Akapiga, akaongea haraka haraka, kisha akamkabidhi Bi Kola.

Sauti ya binti yake ilikuwa imejaa machozi, na nyuma yake masufuria ya kantini yaligongana. "Mama, mama mkubwa anasema mwanangu amebaki mifupa. Kweli au si kweli?"

Angeweza kudanganya. Dada yake alikuwa amesimama pale, lakini bado angeweza kusema hapana, mama yako mkubwa anatia chumvi.

"Kweli," alisema.

"Mtoe! Mama, nasema mtoe humo! Ni mwanangu mimi!"

"Ni wako, sikatai. Njoo umtoe kwa mkono wako. Wangu hautamtoa."

"Mama!"

"Njoo." Akarudisha simu kwa mwenyewe. "Dada, gari lako linakungoja."

Dada alikunja shuka lake, akaenda bila kuaga. Bi Kola alikaa. Alijua vizuri alichokifanya. Mtoto akifa kwenye kitanda hiki, yeye ndiye atakuwa amemuua, tena mara mbili, kwanza kwa uji, halafu kwa ukaidi, na hakuna binadamu atakayemsamehe, sembuse mama wa mtoto. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Nesi alipopita na trei, akapiga moyo konde, akachukua kikombe, akachota kijiko cha kwanza.

Binti yake alifika kesho yake mchana, na sare ya kantini mwilini, hakubadilisha hata viatu. Aliingia wodini akitazama kila kitanda. Alikipita kitanda cha mwanawe, akaenda mpaka mwisho, akarudi, akakipita tena. Alikuwa anatafuta mashavu.

"Huku," alisema Bi Kola.

Binti alisimama. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimwinua mtoto polepole, mikono yake ikapanda juu kwa ghafla kwa sababu ilijiandaa kwa uzito ambao haukuwepo.

"Umenipa nini hiki, mama?"

"Nilimlisha vibaya. Ni mimi. Sikujua, lakini ni mimi."

"Na ukajua, ukaendelea kukaa naye hapa akawa hivi?"

"Ndiyo."

Binti alimfunika mtoto kwa kitambaa chake cha kichwani, akamlaza begani, akaelekea mlangoni. Nesi alimwita, akamweleza kwamba ni hatari, akamsihi. Binti alimjibu kwa heshima kwamba yeye ndiye mama, asante kwa kazi. Wamama wengine walitazama sakafu.

Bi Kola hakumshika. Angemshikaje? Alichofanya ni kutazama saa ya ukutani, na saa ya mtoto ilikuwa imefika. Akachukua kikombe kwenye trei, akawapita kwa haraka, akasimama katikati ya mlango.

"Anywe kwanza."

"Mama, nipishe."

"Nitakupisha. Saa yake imefika, na toka tuingie hajawahi kukosa. Anywe, halafu uende naye unakotaka, sitakufuata."

"Mama, usinifanye nikukosee adabu."

"Nikosee. Lakini anywe."

Walitazamana, wote wawili na kidevu kilekile kimetangulia mbele. Na hapo, juu ya bega la binti, kichwa cha mtoto kikainuka. Kilitikisika kidogo, kikakaa sawa. Yale macho makubwa yakatafuta, yakakipata kikombe. Mkono ukatoka kwenye kitambaa, mkono mwembamba usio na nyama, ukanyooka mpaka vidole vikashika ukingo.

"Nipe," alisema mtoto.

Bi Kola alisahau kijiko. Alimwekea kikombe mdomoni, na mtoto akakivuta kwa mikono yote miwili, akanywa, maziwa yakamwagika kidevuni na kwenye sare ya mama yake, akanywa mpaka akakwangua, akauma ukingo, akaingiza ulimi ndani. Kisha akachungulia. Alipoona hakuna kitu, uso wake wa kizee ukakunjamana, akafungua mdomo na kulia.

Na siyo kule kulialia kwa nyumbani. Alilia kwa hasira, kwa mapafu yote, kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Mama wa kitanda cha pili alipiga makofi. Nesi alijifanya anasafisha trei iliyokwisha kuwa safi, kamasi zinamtoka.

"Ana njaa!" binti alipiga kelele. "Mama, ana njaa mwanangu! Mpe mwingine!"

Hakuna kitu duniani Bi Kola alichokitaka zaidi ya hicho. Angempa ndoo. Angempa maziwa ya ng'ombe wote walioko duniani.

"Hapana," alisema.

"Si unaona anavyolia?"

"Naona. Hapana, mpaka saa yake. Akiendelea hivi kesho watamwongezea, siyo sasa."

Mtoto alijinyoosha kutoka begani mwa mama yake, akamrushia bibi yake ngumi ya pua, kisha akamvuta kitambaa cha kichwa kwa nguvu. Bi Kola alikificha kikombe nyuma ya mgongo, machozi yanamtiririka, anacheka, pua inamuuma kwelikweli. "Nipige, mume wangu. Nipige tena. Sikupi ng'o."

Binti alimtazama mama yake. Alimtazama mtoto anayempiga mateke ya mbavu kwa miguu iliyokonda, akilia bado. Akageuka, akarudi naye mpaka kitandani, akakaa, akavua viatu.